Kwa mwanangu, baada ya safari iliyoishia Ngong

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na kuisoma kwa makini. Unalalamika kwamba mwalimu wako aligeuza ndege mlipokaribia Ngong, ilhali mvua yenyewe ilikuwa manyunyu na karo ya somo hilo tulikwisha kuilipa. Mimi niliyepima hali ya hewa mpaka nikastaafu nasimama upande wa mwalimu.

Julai ya Nairobi unaijua. Uwanja wa ndege wa Wilson uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya Ngong vinapita mita 2,400. Kwa hiyo wingu ambalo ukiwa uwanjani unaliona liko juu na halina neno, kule milimani limekwisha kugusa nyasi. Asubuhi za msimu huo wingu hutanda tangu alfajiri, na mara nyingi halipandi mpaka adhuhuri ikaribie.

Ukiingia ndani yake, mwili utakudanganya. Majimaji ya sikio la ndani huhisi ndege inapoanza kupinda, lakini ikiendelea kupinda taratibu hutulia, nawe utaapa kwamba unakwenda sawa huku bawa moja limelala. Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani kiliwajaribu marubani 20 wasiozoea kuongoza kwa kutazama vipimo vilivyo mbele ya rubani tu, bila kuona nje. Wote walishindwa kuimudu ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Dakika tatu hazikutimia.

Umesema pia kwamba mizunguko ya injini ilishuka bila wewe kugusa kitu, mwalimu akavuta kishikio cha kupeleka hewa ya moto kwenye kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, injini ikakohoa, kisha ikarudia nguvu zake. Hiyo ilikuwa barafu, na barafu hiyo haihitaji baridi ya Mlima Kenya: petroli inapogeuka mvuke hunyonya joto, na unyevu wa hewa ukaganda ndani ya kabureta hata kama nje ni nyuzi 15 za Selsiasi. Kule kukohoa ni maji ya barafu inayoyeyuka. Wapo wanaoshtuka wakakirudisha kishikio upesi, na hapo ndipo wanapojiharibia. Wewe kiache mpaka injini itulie.

Karo ya mwezi ujao nitaituma Ijumaa. Siku ya jua, mwombe mwalimu akuvike kofia ya kuziba macho yasione nje, ugeuze ndege nyuzi 180 kwa vipimo pekee, kisha uniandikie ulivyofanya.

Ni mimi baba yako.