YAH: Malalamiko kuhusu jaketi la baridi mliloniuzia pamoja na kiti cha gari cha mtoto

Uyole, Mbeya
21 Julai 2025

Meneja, Huduma kwa Wateja,
Tawi la Mbeya.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 5 Julai nilinunua dukani kwenu kiti cha gari cha mtoto pamoja na jaketi zito la sponji, mnaviuza kwa pamoja kama "seti ya baridi". Jaketi peke yake ni shilingi 85,000, nakala ya risiti ya EFD nimeiambatanisha. Kiti sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni jaketi, na maneno mliyoniuzia nalo.

Bango lenu la mlangoni linaonyesha mtoto aliyetuna ndani ya jaketi hilo kama gunia la mpunga, mikanda ikiwa imepita juu yake. Kijana wenu naye alinielekeza hivyo hivyo. Nilipomuuliza kama mikanda haitalegea, akanijibu, "Mama, hiyo sponji ndiyo inamkinga hata mkigonga." Nikaamini, nikalipa.

Jumamosi ya tarehe 12 tuliondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, tunampeleka mtoto Njombe kwa bibi yake. Anayeijua Uyole ya Julai hahitaji kusimuliwa baridi yake. Kwenye mteremko wa Inyala lori lililokuwa mbele yetu likasimama ghafla, baba watoto akakanyaga breki. Hatukugonga. Ila nilipogeuka nyuma, mwanangu alikuwa ameinama, mkanda mmoja umemtoka begani umeshuka hadi kwenye kiwiko. Na hiyo ilikuwa breki tu.

Tukaegesha pembeni. Nikamvua jaketi, nikamrudisha kitini na kufunga mikanda ile ile bila kuikaza wala kuilegeza. Ngumi yangu ikapita kati ya mkanda na kifua cha mtoto. Kumbe muda wote nilikuwa nimeibana sponji, mtoto sijambana. Gari likisimama kwa kishindo, hewa yote iliyomo kwenye sponji inakamuliwa mara moja, jaketi linasinyaa, na mtoto anabaki na mkanda unaoning'inia. Jaribuni wenyewe hapo dukani, haichukui hata dakika tano.

Halafu aliyebuni seti hiyo sidhani kama amewahi kupita njia yetu. Ukishamaliza kuteremka, ukafika Igurusi na Chimala, uko Usangu, jua linawaka. Mtoto wa ndani ya jaketi analoa jasho, na huwezi kumvua mpaka umfungue mikanda yote. Ukipanda Makambako, baridi inakupokea tena. Sisi tulimvalisha sweta mbili nyepesi, soksi na kofia, tukakaza mikanda mpaka nikijaribu kuifinya begani kwa vidole viwili haishikiki, ndipo tukamfunika blanketi juu ya mikanda, uso ukiwa wazi. Chimala nikaliondoa, Makambako nikalirudisha, yeye amelala na mikanda haijaguswa. Blanketi lenyewe ni la mtumba, nililinunua Mwanjelwa kwa shilingi 6,000.

Nilipowapigia simu, dada aliyepokea aliniambia wateja wengi hawajui kufunga. Nilifunga kama nilivyofundishwa na mtu wenu! Na kilichoniudhi kuliko vyote nilikikuta baadaye, kwenye kijitabu cha kiti. Hakina neno hata moja la Kiswahili, lakini mchoro hauhitaji mkalimani: mtoto aliyevaa koti nene chini ya mikanda, amepigwa msalaba mwekundu. Yaani kitu anachokikataza mtengenezaji wa kiti, ninyi mnakiuza pamoja na kiti chenyewe. (Kijana wenu alikigeuza pia kiti kitazame mbele, ati mtoto amwone mama. Mwanangu ana miezi 11, na kiti kina kibandiko cha R129, kiwango kinachotaka mtoto atazame nyuma mpaka apite miezi 15. Hilo nimeshalirekebisha mwenyewe.)

Naomba mnirudishie shilingi 85,000, jaketi nitalileta. Bango liondolewe wiki hii, maana baridi bado ipo na watu wa Tukuyu, Makete na Mbalizi wanaendelea kununua. Wauzaji wenu wafundishwe kufunga mtoto asiye na koti, na kila kiti kitoke na karatasi ya maelezo ya Kiswahili. Wale mliokwisha kuwauzia seti hiyo, namba zao za simu mnazo, wapigieni.

Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, barua hii nitaipeleka Tume ya Ushindani pamoja na picha ya bango, niliyoipiga jana nikiwa napita.

Wenu,
Mama wa mtoto wa miezi 11, Uyole