Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nani Anapigiwa Simu na Chumba cha Habari?

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji nawasalimu na kuwashukuru kwa mwaka mwingine wa kazi. Tumewaandikia wahariri barua nyingi kuhusu namna wanawake wanavyoandikwa kwenye habari, tumejibiwa chache, na mara kadhaa tumeombwa radhi. Naomba niseme mapema msimamo ninaouleta mbele yenu: kuombwa radhi kusiwe tena kipimo cha mafanikio yetu. Kichwa cha habari kinachomdhalilisha mwanamke hufutwa kwa dakika moja. Aliyekipitisha, na anayeamua nani ahojiwe na nani aachwe, bado yupo mezani kwake, na kesho ataamua vilevile.

Takwimu zinalithibitisha hilo. Mradi wa kimataifa wa kufuatilia vyombo vya habari, GMMP, ulianza mwaka 1995, mwaka uleule wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake uliofanyika Beijing. Watu wa kujitolea katika nchi 71 walisoma magazeti, wakasikiliza redio na kutazama televisheni kwa siku moja, wakahesabu. Wanawake walikuwa asilimia 17 ya watu waliosikika, walioonekana au waliozungumziwa kwenye habari. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 24. Mwaka 2015 ikabaki 24 ileile, na mwaka 2020 ikafika 25. Miaka 25 imeleta ongezeko la pointi nane tu, wakati Beijing serikali zilikubaliana waziwazi kwamba wanawake washiriki katika maamuzi ya vyombo vya habari na wasichorwe kwa dhana potofu.

Katika malalamiko yote ya mwaka huu, yaliyotuuma zaidi ni ya habari za mauaji ya wanawake. Sura yake mnaijua: "Auawa kwa wivu wa mapenzi." Soma hadi mwisho. Utaambiwa marehemu alivaa nini, alitoka na nani, alirudi saa ngapi. Mtuhumiwa anajitokeza mwishoni kabisa, "anashikiliwa na polisi", na jirani anasema alikuwa mtu mpole. Lawama yote imebebeshwa wivu. Mwanachama wetu mmoja, msanifu wa habari kwa taaluma, aliichukua habari moja ya namna hiyo akaiandika upya kwa maelezo yaleyale ya polisi. Vitisho ambavyo marehemu alikwisha kuviripoti, vilivyokuwa vimefukiwa karibu na mwisho, alivipandisha hadi aya ya pili, nguo akaziondoa. Hakuongeza jambo hata moja. Tuliambatanisha habari hiyo na barua yetu, na hakuna barua iliyojibiwa upesi kama hiyo. Tangu hapo kila lalamiko letu huambatana na habari iliyoandikwa inavyostahili, na naipendekeza njia hii iwe utaratibu wa kudumu wa chama.

Sifa nazo zina ubaguzi wake. Mwanasayansi wa roketi Yvonne Brill alipofariki mwaka 2013, tanzia yake kwenye New York Times ilianza na mapishi yake na jinsi alivyomfuata mume wake kazi hadi kazi. Sayansi ilisubiri aya ya pili. Wasomaji walikuja juu, na ufunguzi ukabadilishwa. Kila ninaposoma "mama wa watoto watatu ateuliwa", najiuliza kama mwandishi angemwandika hivyo mwanamume aliyepewa cheo hichohicho.

Sasa nije kwenye orodha yetu ya wanawake wataalamu, kazi ninayoithamini kuliko zote. Wahariri hutuambia, "Tulitafuta mwanamke, hatukumpata." Mara nyingi ripota ana saa mbili tu, naye humpigia yule aliyemjibu wiki iliyopita. Ndiyo maana nimevutiwa na mradi wa 50:50, unaolenga wahojiwa wawe nusu wanawake, ulioanzia kwenye kipindi cha mtangazaji Ros Atkins pale BBC mwaka 2017. Waandaaji huhesabu wahojiwa baada ya kila kipindi, lakini huwahesabu wale tu waliowachagua wenyewe. Rais aliyehutubia hahesabiwi, mchambuzi wa hotuba yake anahesabiwa. Hapo kisingizio kinakosa mahali pa kusimama.

Inasikitisha kwamba baadhi ya wanawake walio kwenye orodha wameomba majina yao yaondolewe, kwa sababu ya matusi waliyomiminiwa mitandaoni baada ya kuhojiwa. Wanahabari wenyewe hawajanusurika: katika utafiti wa UNESCO na ICFJ, kituo cha kimataifa cha wanahabari, uliofanyika mwaka 2020, asilimia 73 ya wanahabari wanawake waliojibu walisema wamekumbana na ukatili mitandaoni kutokana na kazi yao. Kamati imeviandikia vyombo vya habari kudai kwamba anayemwalika mwanamke hewani asimamie pia maoni yanayofuata, ayafute matusi na kumsaidia kuripoti vitisho. Majibu hayajaridhisha, na sitaliacha suala hili.

Kuhusu fedha, mweka hazina atasoma hesabu zilizokaguliwa. Ada nyingi zimelipwa; wenye malimbikizo wamwone kabla ya kupiga kura.

Naomba mkutano huu uamue jambo moja. Kila mwanachama achague kipindi au gazeti moja, alifuatilie mwezi mzima kwa fomu yetu, na ahesabu wahojiwa waliochaguliwa na chumba cha habari pekee. Matokeo tutawapelekea wahariri ana kwa ana kabla ya kuyatangaza. Fomu ziko kwa katibu.