Usinunue betri ya tatu kabla hujapima

Uyole, Mbeya
Juni

Kamwene Mwalimu,

Ujumbe wako nimeupata. Hapa Uyole baridi imeshaanza kuuma, sembuse huko kwenu Tandala. Umeniuliza safari hii ununue betri ya aina gani. Kwanza usinunue yoyote. Betri mbili kufa ndani ya mwaka mmoja na nusu si bahati mbaya. Kwenye hilo gari lako, Toyota IST, kuna kitu kinachozimaliza, na ya tatu kitaimaliza vilevile.

Nusu ya jibu umeiandika mwenyewe. Unasema ukiliegesha Jumapili jioni ukitoka Njombe, Jumanne linawaka vizuri, Jumatano linajikongoja, Ijumaa linabaki kutoa "tik tik" tu. Maelezo hayo yana thamani kuliko ya huyo fundi anayesema betri za siku hizi zote feki, kwa sababu muda ambao betri inachukua kuisha unakuonyesha mwizi ana ukubwa gani.

Fanya hesabu kidogo. Betri yako ni NS40 (hilo ni jina la saizi yake), chukua kwamba ina Ah 35, yaani ampia-saa, kipimo cha umeme inaoweza kutunza. Gari likizimwa halilali kabisa: saa, kumbukumbu ya redio, alamu na kompyuta ya injini vinaendelea kunywa kidogo kidogo, kwa kawaida miliampia 20 hadi 50. Tuseme 30. Kwa siku ni Ah 0.72, kwa siku tano Ah 3.6, kiasi ambacho betri haikisikii. Sasa weka miliampia 300, ambazo hazifiki hata taa ya wati 4. Kwa siku zinakuwa Ah 7.2, na kwa siku tano Ah 36, yaani betri nzima. Tena stata haisubiri ifike sifuri. Betri ikishuka chini ya nusu, asubuhi ya baridi stata inaanza kugoma, na ndiyo Jumatano yako hiyo.

Kwa hesabu hiyo kuna vitu tunavitoa kwenye orodha mapema. Pale juu ya pedeli ya breki kuna kimpira kidogo kinachobonyeza swichi. Kikipasuka na kudondoka, taa za breki zinabaki zinawaka usiku kucha. Taa mbili za wati 21 zinakula karibu ampia 3.5, kwa hiyo betri yako isingemaliza hata usiku mmoja. Mwizi wako ni wa miliampia 200 hadi 400. Tafuta kitu kidogo kinachokaa macho muda wote.

Kabla ya kumtafuta, hakikisha betri yenyewe haijiibii. Ichaji hadi ijae, kisha ufungue temino ya hasi kwa spana namba 10. Anza na hasi kila mara, kwa sababu ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utaona cheche ambazo hutazisahau. Acha betri ikae siku mbili bila kuunganishwa na kitu, ndipo uipime kwa mita ya umeme. Ikisoma volti 12.5 au 12.6, ni nzima na mwizi yuko ndani ya gari. Ikiwa imeteremka yenyewe hadi 12.2 au chini, imeshachoka, hata kama risiti yake bado mpya. Ili ujue unachosoma: 12.6 kwenda juu imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo, na chini ya hapo ni kama haina kitu. Usipime mara tu ukizima gari, maana betri inakuwa bado na umeme wa juu juu na inakudanganya. Iache ilale.

Kama ni betri ya maji, fungua vifuniko vyote sita. Maji yafunike sahani kwa kama sentimita moja. Yakipungua, ongeza maji ya betri yasiyo na asidi. Mafundi wengi wanaongeza asidi ili betri "ichangamke". Kweli inachangamka, ila sahani zinaliwa, na baada ya muda mfupi inakufa moja kwa moja. Kinachopungua kwenye betri ni maji, asidi inabaki humo humo. Ukipata haidromita, kile kipimo cha uzito wa maji ya betri, betri iliyojaa isome kati ya 1.265 na 1.280 katika kila seli. Seli moja ikiwa chini ya wenzake kwa 0.050 au zaidi, hiyo betri hakuna chaji itakayoiokoa.

Upande wa altaneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, hautuchukui muda. Washa gari, weka mita kwenye temino za betri. Inatakiwa volti 13.8 hadi 14.5, na ukiwasha taa kubwa, feni ya hita na waipa, isishuke chini ya 13.5. Ikibaki kwenye 12 na kitu, haichaji: angalia belti kama imelegea au inang'aa kwa kuteleza, kisha brashi za altaneta. Ikipita 15, regyuleta (kidhibiti cha volti) imeharibika na betri inachemka, utasikia harufu ya mayai viza. Kuna jambo moja usikubali hata kidogo: fundi kuchomoa temino gari likiwa linawaka "ili kuona kama altaneta inachaji". Umeme wa altaneta ukikosa betri ya kuutuliza unaruka juu ghafla, na kinachoungua ni kompyuta ya injini. Ilikuwa sawa kwa Land Rover za zamani zenye dainamo. IST hapana.

Sasa kazi yenyewe. Mita nitakutumia kwa basi la Alhamisi. Ni ya kawaida ya kutoka soko la Mwanjelwa, lakini ina tundu lililoandikwa 10A, na hilo ndilo tunalolihitaji. Fanya hivi, na usiruke hatua.

Fungua boneti. Fungua mlango wa dereva, kisha bonyeza swichi ya taa ya ndani (kile kidude chenye mpira kwenye nguzo ya mlango) na uibane kwa tepu ibaki kama vile mlango umefungwa. Taa ya ndani itazima na wewe bado utafikia fyuzi za chini ya dashibodi. Milango mingine na buti vifunge. Ufunguo utoe, uweke mbali. Chomeka waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A na mweusi kwenye COM, geuza swichi kwenye ampia za DC (umeme wa betri). Fungua temino ya hasi, kisha mita ikae katikati: waya mmoja kwenye temino ya kebo uliyoichomoa, mwingine kwenye kichwa cha betri. Umeme wote unaotoka betri sasa unapita ndani ya mita.

Hapo mwanzoni utaona namba kubwa, pengine ampia mbili au tatu. Usishtuke, vifaa vimeamka kwa sababu umevirudishia umeme. Subiri nusu saa. Nenda kanywe chai, kweli, maana wengi wanakosea hapa kwa haraka. Namba ikitulia kwenye 0.02 hadi 0.05, gari ni safi. Ikitulia kwenye 0.25 au 0.30, tumempata, bado kujua amejificha wapi. Muda wote huo usiwashe gari wala taa kubwa, na usifungue mlango mwingine. Ukipiga stata umeme ukiwa unapita kwenye mita, fyuzi ya mita inakwenda.

Sasa chomoa fyuzi moja moja huku unaangalia mita, na kila moja irudishe palepale kabla ya kuchomoa inayofuata. Anza na boksi la karibu na betri, malizia la chini ya dashibodi. Fyuzi ambayo ukiichomoa namba inaporomoka, humo ndimo alimo. Mimi ningeanza na ile iliyoandikwa DOME, kwa sababu kwenye Toyota nyingi ndiyo inayolisha taa za ndani, taa ya buti, saa na kumbukumbu ya redio. Taa ya buti ina njia rahisi ya kuipima: weka simu inarekodi video ndani ya buti, funga, hesabu hadi kumi, fungua uangalie. Taa ya wati 5 ikibaki inawaka inakula Ah 10 kwa siku, mwizi mkubwa kidogo kuliko wako, lakini mwangalie.

Wasiwasi wangu uko kwenye redio. Uliniambia ulibadilishiwa pale Njombe ukawekewa ile yenye skrini. Redio hizo zina waya wa njano na mwekundu. Wa njano unatakiwa uwe na umeme muda wote kwa ajili ya kumbukumbu. Mwekundu unatakiwa upate umeme ufunguo ukiwa kwenye ACC tu, ile nafasi ya kuwasha redio kabla ya injini. Fundi akiwa na haraka anaisokota yote miwili pamoja na kuifunga kwenye umeme wa kudumu. Skrini inazima, lakini ndani redio haijalala. Vuta redio nje uone. Ukiikuta imesokotwa, mwekundu utenganishwe na upelekwe kwenye waya wa ACC. Mtu anayejua kushika bisibisi anaimaliza kabla chai haijapoa.

Kama fyuzi zote umechomoa na namba haijashuka, maana yake umeme unapita njia isiyo na fyuzi hizo. Angalia waya zilizofungwa moja kwa moja kwenye temino ya chanya, maana waweka alamu na jipiesi wanapenda sana hapo. Baada ya hizo, mshuku altaneta. Ndani yake kuna daiodi, vidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, na moja ikivuja, umeme unarudi kinyumenyume gari likiwa limezimwa. Dalili yake ni kwamba gari limekaa usiku kucha, injini ya baridi, lakini ukigusa altaneta ina uvuguvugu. Kuhakikisha, fungua hasi ya betri, toa nati ya waya mnene wa altaneta, uzungushie tepu, rudisha mita na upime tena. Namba ikishuka, umemaliza kutafuta.

Wakati unahangaika na hayo, gari likigoma usiombe umeme kwa Fuso. Hizo zina betri mbili zilizounganishwa kuwa volti 24, na gari lako ni la volti 12. Tafuta Noah au pikapu ndogo. Waya mwekundu uanze kwenye chanya ya betri yako, halafu chanya ya mwenzako. Mweusi uanze kwenye hasi ya mwenzako, umalizie kwenye chuma cha injini yako, mbali na betri. Mwenzako aliache gari lake linguruma dakika tano ndipo upige stata. Kutoa, rudi kinyume. Na IST ya otomatiki kuisukuma ni kuwachosha wanafunzi bure.

Ukichaji nyumbani, weka chaja kwenye ampia 3 au 4, kwa muda wa saa kumi hadi kumi na mbili kama imeisha kabisa. Nakujua, utaiingiza ndani kwa sababu ya baridi. Usithubutu kuichaji kwenye chumba chenye jiko la mkaa. Betri inayochaji inatoa haidrojeni, na cheche moja inatosha kuipasua na kukumwagia asidi usoni. Iweke barazani.

Temino zikiota ule unga wa kijani na mweupe, chukua magadi ya kupikia maharage, kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji ya moto, uvimwagie vichwa vya betri huku unasugua kwa mswaki wa zamani. Vifuniko viwe vimekaza, magadi yakiingia kwenye seli yanaua asidi. Kausha, kaza, pakaa vaselini. Angalia na kebo ya hasi inapofungwa kwenye injini. Mtu apige stata huku wewe umeweka mita kati ya kichwa cha hasi cha betri na chuma cha injini. Ikizidi volti 0.5, kebo imeoza ndani au nati imelegea.

Na oili. Umeniambia unaweka 20W-50 kwa sababu ni "nzito na inalinda injini". Kwa huko kwenu Makete asubuhi ya Julai hiyo ni uji mzito. Karibu na nyuzi sifuri betri inapoteza kama theluthi ya nguvu yake ya kuzungusha stata, halafu wewe unaipa mzigo mzito zaidi. Weka 5W-30. Hata kama mwizi atapatikana, hili libadilishe.

Kwa kuwa gari linakaa wiki nzima, ningekushauri pia upate sola ndogo ya wati 10 yenye kontrola ya chaji. Ikipata jua kwa muda wa saa tano inarudisha kama Ah 3 kwa siku, inatosha kulinda betri nzima. Ila haimshindi mwizi wa Ah 7, kwa hiyo usiinunue ili kukwepa kupima.

Nitumie vitu vinne tu: volti za betri baada ya siku mbili bila temino, volti injini ikiwaka na taa zote, ampia baada ya nusu saa, na jina la fyuzi iliyoishusha. Picha ya nyuma ya redio pia. Ikithibitika betri ndiyo imekufa, hapo tutazungumza habari ya kununua, na nitakutafutia yenye tarehe ya karibuni hapa mjini. Hiyo ya zamani usimwage asidi yake shambani. Irudishe dukani, wengi wanaipokea na kukupunguzia bei.

Msalimie mama na watoto. Mita ina betri yake ndogo ndani, nimeibadilisha.

Wako,
Rafiki yako wa Uyole