Barua Yafuata

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya na masomo yanakwenda. Sisi huku hatujambo, ila shangazi yako bado hajaizoea nyumba isiyo na sauti ya mumewe.

Juzi nilikutumia ujumbe wa maneno mawili, "Barua yafuata," nawe ukanijibu kwa alama moja ya kuuliza. Hukukosea kushangaa. Maneno hayo hayajatumika katika familia yetu tangu kabla hujazaliwa. Yalikuwa maneno ya telegramu. Katika telegramu kila neno lililipiwa, kwa hiyo mtu aliibana habari yake, akaondoa kila kisichokuwa cha lazima, na kama jambo lenyewe lilikuwa zito alimalizia hivyo, ili mpokeaji ajue kwamba maelezo yako njiani.

Babu yako alipofariki nilikuwa mbali. Nililetewa karatasi yenye maneno manne: "Baba amefariki barua yafuata." Niliisoma nikaikunja nikarudi kazini. Sikulia. Barua ilifika siku nane baadaye, kurasa sita za mwandiko wa kaka yangu, baba yako mkubwa. Alieleza ugonjwa ulivyoanza, nani alikuwepo, nani alichelewa na kwa nini. Nililia nilipofika ukurasa wa nne, aliposimulia kwamba jioni ya mwisho baba aliomba awekewe redio yake karibu na mto, ingawa alikuwa hasikii tena.

Nimeanza na hayo kwa sababu nina deni kwako.

Unakumbuka siku uliyokuja msibani. Usiku uliotangulia shangazi yako alinipa simu yake nimsomee rambirambi, macho yake yalikuwa yamechoka kwa kulia. Nikafika kwenye ujumbe wako: "Pole xana shangazi. Mungu amlaze pema. 2po pamoja." Niliusoma kwa sauti nikakwama kwenye ile "2po," na watu wakanitazama. Niliona aibu. Kesho yake ulipoingia tu, nikakuambia mbele ya wote kwamba simu imeila akili ya kizazi chenu, na kwamba sisi tulikuwa na akili kuliko ninyi. Hukunijibu. Uliweka begi lako chini, ukaenda kukaa na shangazi yako.

Nilisema jambo nisilolijua, tena kwa sauti kubwa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza ili nijue kama ni kweli.

Nilitarajia kupata ushahidi wa kunitetea. Cha kwanza nilichokutana nacho kilinipinga. James Flynn, msomi wa Chuo Kikuu cha Otago huko New Zealand, alionyesha mwaka 1984 kwamba Wamarekani walikuwa wakipanda katika vipimo vya akili kizazi baada ya kizazi, karibu alama 14 kati ya mwaka 1932 na 1978. Miaka mitatu baadaye akaleta takwimu za nchi 14, na mwelekeo ukawa ule ule. Kwa wastani ni kama alama 3 kila miaka kumi. Jambo hili halionekani kirahisi, maana watengenezaji wa vipimo huvirekebisha kila baada ya muda ili mtu wa wastani abaki kwenye 100. Ila ukimpa kijana wa miaka ya karibuni kipimo walichofanya vijana wa enzi za babu yake, kwa kawaida atawapita.

Je, ina maana babu zetu walikuwa wajinga? Flynn hakusema hivyo, na hapa nilisimama kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mwanasaikolojia wa Kisovieti, Aleksandr Luria, alikwenda Asia ya Kati kuzungumza na wakulima wasiojua kusoma. Aliwapa swali la namna hii: kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe, Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali na ina theluji, je, dubu wa huko wana rangi gani? Mmoja alimjibu kwamba yeye amewahi kuona dubu mweusi tu, wengine hajawaona. Mimi simwoni mtu huyo kuwa mjinga. Ni mtu mwaminifu, aliyelelewa kusema alilolishuhudia na kunyamazia asilolishuhudia, na laiti wengi wetu tungekuwa hivyo. Lakini alikataa kuingia ndani ya neno "ikiwa." Flynn aliamini kwamba kilichopanda katika karne ile ni uwezo huo hasa. Shule na kazi za aina mpya ziliwazoesha watu kuingia ndani ya "ikiwa," wakatembea humo mpaka wafike kwenye "basi," hata kwa mambo ambayo hawajawahi kuyaona kwa macho. Ubongo haukubadilika. Kilichobadilika ni kazi uliyopewa.

Liweke akilini neno hilo, "ikiwa." Nitalirudia.

Halafu nikakutana na habari za Norwei, nikadhani sasa nimepata pa kushika. Nchi hiyo huwapima vijana wake wanapoitwa jeshini. Mwaka 2018 watafiti wawili, Bernt Bratsberg na Ole Rogeberg, walichapisha uchambuzi wa wanaume waliozaliwa kuanzia 1962 hadi 1991. Alama zilipanda hadi kwa waliozaliwa 1975, kisha zikaanza kushuka. Walipolinganisha ndugu wa nyumba moja waliona mwendo huo huo wa kupanda na kushuka, kwa hiyo si suala la damu. Sababu iko katika maisha wanayokulia. Nilifurahi, na sasa naona haya kwamba nilifurahi. Lakini hesabu miaka. Aliyezaliwa 1975 alitimiza miaka 18 mwaka 1993. Ujumbe mfupi wa kwanza wa simu ulitumwa Desemba 3, 1992, na mhandisi kijana wa Uingereza, Neil Papworth, aliyeuandika kwenye kompyuta kumtakia mtu heri ya Krismasi. Vijana wale wa Norwei walianza kuteremka kabla meseji haijawa jambo la kila siku kwa mtu yeyote. Kama kuna kilichowapunguza, kilifika kabla yake.

Hata ufupi wenyewe hamkuuanzisha ninyi. Mwaka 1985 Mjerumani mmoja, Friedhelm Hillebrand, mmoja wa waliobuni ujumbe mfupi wa simu, alikaa mbele ya taipureta akaandika sentensi hizi na zile, akihesabu kila herufi na kila nafasi. Karibu zote hazikufika 160. Hivyo ndivyo kikomo cha herufi 160 kwa meseji moja kilivyopatikana, na watu walioandika ndani ya kikomo hicho wakajifunza kubana, kama sisi tulivyobana kwenye telegramu.

Nami nimekaa nikaitazama "cjui" yenu. Anayeiandika anaisikia herufi C kwa jina lake la Kiingereza, anaichukua sauti hiyo ya "si" na kuibandika kwenye kitenzi cha Kiswahili, akiwa na hakika kwamba msomaji ataipitia njia hiyo hiyo kurudi. Kwenye "2po" na "m2" tarakimu inasomwa kwa lugha moja, neno linakamilika kwa nyingine. Mtu asiyezisikia vizuri sauti za lugha hawezi mchezo huo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Coventry, Uingereza, waliwapa watoto 88 wa miaka 10 hadi 12 kazi ya kuandika meseji, wakachapisha matokeo yao mwaka 2009: waliotumia vifupisho kwa wingi ndio walioelekea kuwa wasomaji wazuri zaidi. Ile "xana" tu ndiyo siwezi kuitetea, kwa kuwa haifupishi chochote. "Sana" ina herufi nne na "xana" ina nne.

Basi nilikosea, mwanangu. Nakuomba radhi. Nilikuaibisha mbele ya watu, na waliokuwepo siku ile nimeanza kuwaambia mmoja mmoja kwamba sikuwa na haki.

Ningeweza kuishia hapo, lakini wiki iliyopita nilimuuliza shangazi yako kama ile "2po" ilimuudhi. Akasema haikumuudhi hata kidogo, aliielewa. Kisha akasema, "Nilikuwa nasubiri aendelee."

Neno hilo limekaa nami. Hakusumbuliwa na herufi. Alisubiri sentensi ya pili, na ya tatu, na labda kumbukumbu moja ya marehemu ambayo wewe peke yako unayo, maana ulikaa kwao likizo nyingi. Na najua unazo.

Nikaenda kutazama mazungumzo yetu mimi na wewe. Simu ina mahali pa kutafutia neno. Niliandika "ingawa," nikatafuta katika mwaka mzima. Halimo. "Ikiwa" limo mara moja, na ni mimi niliyeliandika, nikiuliza ikiwa ada imefika. "Kwa sababu" nimelikuta mara tatu. "Sawa" sikuweza kuzimaliza kuzihesabu, zangu na zako. Najua utasema kwamba hata kwa mdomo watu hawasemi "ingawa" kila dakika, na ni kweli. Ila kwa mdomo kuna sauti inayopanda na uso unaogeuka, na hivyo hufanya kazi ya kiunganishi. Kwenye ujumbe havipo.

Mwezi wa pili uliniandikia meseji tatu kwa kufuatana. Ya kwanza: "Mtihani ulikuwa mgumu." Ya pili: "Nimefaulu." Ya tatu: "Cjafurahi." Nami nikajibu, "Hongera!" Nimezisoma tena jana na ninashangaa jinsi nilivyopita juu yake. Kati ya "nimefaulu" na "sijafurahi" kuna neno lililokosekana. Ulitaka kusema hukufurahi ingawa umefaulu? Au hukufurahi kwa sababu umefaulu, kwa kuwa sasa lazima uendelee na somo usilolipenda? Hizo ni habari mbili tofauti kabisa, za wasichana wawili wenye maisha mawili tofauti, na mimi baba yako sijui nina yupi. Hukuliandika neno hilo, nami sikuliuliza. Sote wawili tulikuwa na akili ya kutosha.

Hapo ndipo hofu yangu ilipohamia. Yule mkulima wa Luria hakuzoezwa kuingia ndani ya "ikiwa." Sisi tumezoezwa, shule imetupa, kisha tunaandika kutwa nzima katika namna isiyotudai "ikiwa" wala "ingawa" wala "hata hivyo." Wazo linatumwa likiwa nusu, mwenzako anajibu ile nusu, na nusu iliyobaki haizaliwi. Sina kipimo cha kuthibitisha kwamba hilo linampunguzia mtu akili. Ninachoweza kusema ni kwamba kiungo hicho karibu sikukitumia mwaka mzima katika kuzungumza na mwanangu.

Na muda wenyewe umekatwakatwa. Gloria Mark, mtafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, amekuwa akipima muda ambao watu wanakaa kwenye kitu kimoja katika skrini kabla ya kuhamia kingine. Mwaka 2004 ulikuwa wastani wa dakika mbili na nusu. Katika vipimo vya miaka ya karibuni ni kama sekunde 47. Hao aliowapima wengi ni watu wazima walio kazini, rika langu wamo. Barua hii nimeiandika kwa siku tatu. Siku ya kwanza niliacha sentensi katikati mara nne kwenda kutazama simu, na niliporudi nilikuwa nimesahau sentensi ilikuwa inaelekea wapi. Ile ya dubu niliianza upya mara mbili. Siku ya pili nilimpa mama yako simu akae nayo, na mchana ule niliandika kurasa mbili bila kuinuka, jambo ambalo sikumbuki mara ya mwisho kulifanya. Kulikuwa na dakika nyingi ambazo hakuna kilichokuja, nikabaki natazama karatasi. Kumbukumbu ya redio ya babu yako ilikuja katika dakika hizo. Sikuwa nimepanga kuiandika. Nilidhani nimeisahau.

Sikuombi uache simu wala uache "cjui." Endelea nayo na rafiki zako, mnaelewana. Ila niandikie kuhusu ule mtihani. Usinitumie kwa meseji. Chukua siku unazozihitaji, na ukikwama katikati usiitume, kaa nayo. Nataka kujua neno lililokuwa kati ya "nimefaulu" na "sijafurahi," na sitakasirika liwe lipi.

Na shangazi yako mtumie ujumbe leo, uandike upendavyo, hata kwa x. Mwishoni ongeza maneno mawili. Yeye hahitaji kuelezwa maana yake.

Wasalaam,
Baba yako