Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi ya Shule, Masasi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi, wazee wetu na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia wito wetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka huu klabu yetu ilijipa kazi moja: kuuliza dawa za miti tunazonyweshwa nyumbani zina ushahidi gani. Tulianza na muarobaini. Bibi wawili walitupimia dozi ya mtu mzima, kila mmoja konzi moja ya majani mabichi. Tukayapeleka kwenye mizani ya dukani. Konzi ya kwanza gramu 15, ya pili gramu 35. Bibi zetu hawakukosea, mikono ndiyo haifanani. Lakini dozi hizo zimepishana zaidi ya mara mbili, na bado hatujajua mti upi una uchungu mkali zaidi.

Majina nayo yalitusumbua. Mti huohuo Wamakonde wanauita hivi, Wamakua vile, Wayao vingine. Ikabidi tukaushe matawi yenye maua ndani ya magazeti ya zamani, ili tunapotaja mti tuwe na uhakika tunausema uleule.

Katika kusoma, aliyetugusa zaidi ni mama wa China, Tu Youyou. Alikuwa akitafuta dawa ya malaria katika mmea wa jamii ya pakanga, na matokeo yakawa yanayumba. Akarudi kwenye maandishi ya tabibu aliyeishi miaka 1,600 iliyopita, akakuta yanasema loweka majani, kisha kamua. Hayakusema chemsha. Akaelewa kuwa moto ndio ulioharibu dawa, akapunguza joto, na mwaka 1971 sampuli namba 191 ikaua vimelea vyote katika panya. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Sehemu ya dawa mseto ya malaria ya zahanati zetu inatokana na mmea huo. Tangu tusome habari hiyo, mzee akituambia "hii usiichemshe", tunaandika neno kwa neno.

Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani halishauri kutibu malaria kwa chai ya majani ya mmea huohuo, kwa sababu kiasi cha dawa iliyomo hakitabiriki na dozi pungufu inaweza kuzalisha usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Muarobaini pia umeua vimelea maabara, lakini kuponya watu wenye malaria ni jambo jingine, na ushahidi wake hautoshi. Mwenzetu mmoja alikunywa muarobaini siku nne, akafikishwa hospitali hajitambui. Tunashukuru Mungu alipona.

Mheshimiwa, tuna maombi matatu. Tunaomba mizani ya maabara. Tunaomba utuunganishe na Taasisi ya Tiba Asili ya Chuo Kikuu cha Muhimbili, ili miti yetu itambuliwe kitaalamu. La tatu ndilo zito: wazee wanaogopa kwamba wakisema, ujuzi wao utachukuliwa na wao wasahaulike. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002, ila wengi hawajawahi kuelezwa inasema nini. Tunaomba mratibu wa tiba asili aje akae nao, chini ya mwembe wa shule hii. Viti tutapanga sisi.

Tunaomba kuwasilisha.