Malalamiko kuhusu kunyimwa nafasi ya kusikiliza santuri kabla ya kununua

Nairobi,
12 Juni 2024.

Kwa Meneja,

KUH: KUONDOLEWA KWA MASHINE YA KUSIKILIZIA SANTURI DUKANI

Mimi ni mteja wenu wa miaka mingi, na hununua kwenu santuri ndogo zilizokwisha kutumika, za mizunguko 45 kwa dakika, hasa za rumba na benga. Ninaandika kulalamikia uamuzi wenu wa kuondoa ile mashine iliyokuwa kando ya kaunta, ambayo kila mnunuzi aliitumia kusikiliza santuri kabla ya kutoa pesa yake.

Jumamosi, tarehe 8 Juni, nilichagua santuri 3 kwa shilingi 2,400. Nilipoomba kuzisikiliza, mhudumu alinieleza kwamba mashine imeondolewa kwa kuwa sindano zilikuwa zikiisha haraka, akanishauri nizikague kwa macho. Nilizigeuza moja moja chini ya taa, nikaona zinang'aa bila mkwaruzo wa kutisha, nikalipa.

Nyumbani, moja tu ndiyo iliyocheza sawasawa. Ya pili tundu lake halikukaa katikati barabara, kwa hiyo sauti inapanda na kushuka kila inapozunguka, kasoro ambayo jicho haliioni kwa urahisi. Ya tatu imeniuma zaidi. Wimbo wa rumba wenye urefu wa kutosha haukuenea upande mmoja wa santuri hizi, hivyo ulikatwa vipande viwili: waimbaji wakatawala upande wa kwanza, na sebene, yaani sehemu ambayo magitaa huchachamaa, ikawekwa upande wa pili. Upande wa kwanza wa santuri yangu ni safi kabisa. Wa pili, sebene inapoanza tu, sindano inaruka na kurudia palepale hadi uinyanyue kwa mkono. Ninavyoona, ndio upande uliochezwa zaidi katika karamu za watu, na ndio hasa unaohitaji kusikilizwa kabla ya kununuliwa.

Niliporudi Jumatatu, nilioneshwa kibandiko kisemacho kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Siwezi kulikubali sharti hilo kutoka kwa muuzaji aliyeninyima njia pekee ya kuijua bidhaa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, pamoja na habari anazohitaji ili azifaidi kikamilifu. Na kwa santuri iliyokwisha kutumika, habari hizo zimo katika sauti yake.

Ninaomba mnirudishie bei ya santuri hizo 2, na muirejeshe mashine. Ikiwa gharama ya sindano ndiyo inayowalemea, mimi niko tayari kulipa ada ndogo ya kusikiliza, na ninaamini wateja wengine wa santuri hawatakataa.

Risiti ninayo, na santuri sijazigusa tena. Nitazileta siku yoyote mtakayonipangia, mradi tu ziwekwe kwenye mashine mbele yetu sote, pande zote mbili.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu