Waranti ya miaka 15 isiyofika ufukweni

Ununio, Kinondoni
Dar es Salaam

9 Septemba 2024

Meneja, Huduma kwa Wateja
Kiwanda cha Mabati
Barabara ya Nyerere
Dar es Salaam

Ndugu Meneja,

YAH: KUKATALIWA KWA MADAI YA WARANTI YA MABATI YALIYONUNULIWA JUNI 2019

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Hii ni barua yangu ya nne, na ya kwanza kuileta kwa mkono. Naomba mhudumu wa mapokezi aigonge muhuri nakala yangu, maana ile ya pili mliniambia haikuonekana.

Tarehe 17 Juni 2019 nilinunua kwenu mita 262 za mabati ya msauzi, geji 28 (ndicho kipimo cha unene), rangi ya maruni, pamoja na kofia za kufunika mgongo wa paa na skrubu zake. Jumla nililipa shilingi 5,870,000 na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ninayo. Fedha hiyo ilitoka kwenye kiinua mgongo changu baada ya miaka 31 ya kushika chaki. Duka moja la Tegeta lilikuwa linauza geji hiyohiyo kwa bei pungufu ya yenu, shilingi 3,000 kila mita, na nilikuwa tayari kwenda huko. Kijana wenu wa kaunta akanitolea karatasi yenye muhuri wa dhahabu, akasema: "Mama, tofauti ya bei ndiyo hii. Waranti ya miaka 15. Yakioza, sisi tupo." Nikalipa. Kwa hiyo waranti hii sikuipata bure kama mtu anavyopewa fulana au kalenda mwisho wa mwaka. Niliinunua. Elfu tatu mara mita 262 ni shilingi 786,000.

Novemba 2023, mvua za vuli zikiwa zimepamba moto, dari ya chumba wanacholala wajukuu ilianza kuchora ramani. Fundi alipanda akakuta matundu ya kutu, mengine madogo kama ncha ya penseli, kwenye upande wa paa unaotazama baharini. Rangi kandokando yake ilikuwa imeinuka na kubanduka. Tarehe 11 Novemba nikawatumia picha kwa WhatsApp, nanyi mkajibu siku hiyohiyo: "Tumepokea mama, tunalifanyia kazi." Mkaguzi wenu alifika tarehe 6 Februari 2024. Alipanda, akapiga picha, akanywa chai, akaondoka. Ripoti yake sijaiona hadi leo, wala simlaumu yeye. Alikuwa kijana mwenye adabu, na nadhani aliandika alichokiona.

Tangu hapo nimepokea majibu matatu, kila moja na sababu yake mpya, kana kwamba lililotangulia halikuwahi kuandikwa.

Jibu la kwanza, la tarehe 28 Mei, lilisema paa limeharibiwa na kimbunga, na majanga ya asili hayamo kwenye waranti. Kimbunga Hidaya kilipita mwanzoni mwa Mei 2024. Picha zangu ni za Novemba 2023. Sina la kuongeza hapo.

Jibu la pili, la Julai, lilimtupia fundi lawama: kwamba skrubu zimekazwa kupita kiasi hadi raba zimepasuka, na bati limekatwa kwa grenda. Hapa lazima niseme kweli. Mabati mawili karibu na simtanki yalikatwa kwa grenda, nami nilikuwepo nikitazama cheche zikiruka nikidhani ndiyo kazi inavyofanywa. Sasa najua kwamba moto wa grenda unaunguza mipako ya bati pale kwenye makali, na vipande vya chuma vinavyorukia juu ya bati vinashika kutu na kuacha madoa. Bati la aina hii hukatwa kwa mkasi. Mabati hayo mawili nimeyaondoa kwenye madai yangu.

Nimejifunza kwa gharama kwamba paa lina waranti mbili. Ipo ya mali, anayoitoa mwenye kiwanda, na ipo ya kazi, anayoitoa aliyeezeka. Mimi nilidhani ni kitu kimoja, na mtakubali kwamba nilikuwa na sababu. Fundi nilimpata kwenye kaunta yenu akiwa amevaa fulana yenye nembo yenu, na karatasi yenu inasema waranti itakufa nikimtumia fundi asiye kwenye orodha yenu. Leo mnaniandikia kwamba huyo si mfanyakazi wenu na kazi yake haiwahusu. Basi na iwe hivyo, lakini hamuwezi kunilazimisha nimtumie kisha mkamkana. Mngeniambia mapema ningemdai yeye karatasi yake mwenyewe, hata ya miaka miwili, yenye sahihi na namba ya kitambulisho. Siku hizi nikisikia jirani anaezeka namwambia adai karatasi mbili kabla hajatoa malipo ya awali.

Hata hivyo, skrubu hazihusiki hapa. Matundu ninayoyalalamikia hayapo kwenye skrubu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jibu la tatu, la tarehe 22 Agosti, ambalo naona ndilo mnalolitegemea. Kifungu cha 7 cha karatasi yenu, kilichochapwa kwa herufi ndogo kuliko za maelezo ndani ya boksi la dawa, kinasema waranti haihusu jengo lililo ndani ya kilomita moja kutoka baharini. Nyumba yangu iko kama mita 400 kutoka pale maji ya bamvua yanapoishia.

Mlilijua hilo tangu siku ya kwanza. Oda yenu imeandikwa "peleka Ununio". Lori lenu lilikuja hadi getini, na vijana wakiwa bado wanashusha mzigo, dereva alitembea kwa miguu hadi ufukweni akarudi na fungu la changu. Umbali ambao dereva aliuona, kaunta haikuuona? Mtu akikuuzia mwavuli huku anajua waranti yake haihusu mvua, hapo hakuna waranti, kuna karatasi tu yenye muhuri wa dhahabu. Na hii ni Dar es Salaam, Ndugu Meneja. Pimeni kilomita moja kutoka majini muanzie Mbweni, mje Ununio, Kunduchi, Mbezi Beach, Msasani, Masaki, mvuke hadi Kigamboni. Huko kote malori yenu yanakwenda kila wiki. Je, wote hao wameambiwa?

Karatasi yenyewe ni ya Kiingereza, kurasa nne. Mimi nilifundisha jiografia na Kiingereza, na bado nilihitaji kuisoma mara tatu. Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria za nchi hii na ya mahakama zake. Sijui karatasi ya bati ina hadhi gani zaidi ya hapo.

Sasa nizungumzie chumvi, kwa sababu sitaki mdhani nabisha nisichokijua. Nimekulia pwani, naona inavyokula komeo, baiskeli na redio. Kipeperushi chenu kinaeleza kwamba bati limepakwa mchanganyiko wa aluminiamu asilimia 55, zinki asilimia 43.4 na silikoni asilimia 1.6, kisha rangi juu yake. Chumvi itaula mchanganyiko huo hatimaye. Lakini chumvi ina tabia yake: inakaa pale ambapo mvua haifiki kuiosha, yaani chini ya upenu, chini ya mikunjo ya kofia na nyuma ya gata. Ndiyo maana karatasi yenu inataka mteja aoshe sehemu hizo kwa maji yasiyo na chumvi kila miezi sita, jambo ambalo pia hakuna aliyelitamka pale kaunta. Kama tatizo langu lingekuwa bahari, upenu ungeoza kwanza. Upenu wangu ni mzima. Kilichooza ni katikati ya mteremko, mahali ambapo masika yote inapiga na kuosha, na matundu yamejipanga mstari mmoja kufuata urefu wa bati, bati hadi bati.

Kuna jambo lingine ambalo mkaguzi wenu alilipiga picha na nyinyi hamkulitaja. Ukiingia juu ya dari ukamulika kwa tochi, maandishi ya kiwandani chini ya mabati bado yanasomeka. Mteremko wa baharini una mabati 40. Yaliyotoboka ni 31, na yote yana namba moja ya koili, yaani roli la chuma ambalo mabati hukatwa kutoka kwake. Tisa yaliyobaki yana namba nyingine, na ni mazima. Jua lilelile, upepo uleule wa kaskazi na kusi, fundi yuleyule, skrubu za pakiti ileile. Bahari haichagui namba ya koili.

Ankara yenu inasema AZ150, maana yake gramu 150 za mipako kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Naomba cheti cha koili hiyo. Kama mipako ilikuwa kamili, cheti kitasema, nami nitarudi kwenye meza nikiwa mpole. Kama hamnacho, kipande cha bati nimekihifadhi kwa ajili ya Shirika la Viwango Tanzania.

Yapo mambo mawili ya mwisho yanayoniudhi kuliko kutu yenyewe.

La kwanza ni hili la ukarabati. Kifungu cha 9 kinasema mtu yeyote akigusa paa bila idhini yenu ya maandishi, waranti inakufa. Novemba nilipoomba idhini ya kuziba kwa silikoni na viraka, kazi ya shilingi 150,000, mliniambia nisubiri mkaguzi. Baada ya mkaguzi, nisubiri ripoti. Nimesubiri miezi kumi na turubai juu ya nyumba. Aprili jipsamu ya chumba cha wajukuu ilidondoka usiku, kwa bahati walikuwa kwa mama yao Morogoro. Dari hiyo imenigharimu shilingi 640,000 nyingine, nanyi mnasema uharibifu wa ndani haumo kwenye waranti. Haumo, nimesoma. Lakini aliyenizuia kuuepuka ni nani?

La pili ni ile "hisani" niliyopewa kwa simu wiki mbili zilizopita: mabati 31 kwa nusu bei, nikubali kusaini kwamba sina madai tena. Dada aliyepiga alieleza kwamba waranti hupungua thamani kila mwaka. Ni kweli, kifungu cha 4 kinasema hivyo, kwa mgawanyo sawa wa miaka 15. Nilipoleta madai, miaka minne kamili ilikuwa imepita. Iliyobaki ni 11 kati ya 15, yaani asilimia 73 na kidogo. Nusu imetoka wapi? Mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza angeniletea jibu hilo ningemrudishia daftari. Tena hesabu hiyo haigusi kuezua, skrubu mpya, kofia, wala ufundi wa kuezeka upya, ambavyo vikijumlishwa vinakaribia bei ya mabati yenyewe. Wala sijagusia kwamba maruni mpya pembeni ya maruni iliyopauka itanifanya niishi chini ya kanga yenye kiraka.

Ninachokitaka ni hiki. Mbadilishe mabati 31 ya koili hiyo bila malipo, pamoja na kofia, skrubu na ufundi, kwa sababu kasoro ilitoka kiwandani na si kwa kuchakaa. Mabati mapya yapate waranti yake kuanzia siku yatakapofungwa, isiwe mnaunganisha na miaka iliyobaki ya yale mabovu, na iandikwe wazi, kwa Kiswahili, kwamba inahusu nyumba hii iliyopo Ununio, mita 400 kutoka baharini. Gharama ya dari mnirudishie. Idhini ya kuziba matundu kwa muda naitaka wiki hii, kabla ya yote, maana Oktoba inaingia na vuli haina subira. Sitasaini karatasi yoyote ya kumaliza madai kabla sijaona ripoti ya mkaguzi na cheti cha koili.

Nawapa siku 14 kuanzia tarehe ya muhuri wa mapokezi. Mkikaa kimya nitapeleka jalada zima Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu waranti na mipaka yake, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji anayejua mteja anakwenda kukitumia kitu kwa kazi gani ampe kinachoifaa kazi hiyo. Kazi ya mabati yangu mliijua: kuezeka nyumba Ununio. Hadi leo sijampa mtu mwingine nakala ya barua hii.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, ankara, karatasi ya waranti, mazungumzo yetu ya WhatsApp na picha 22, zikiwemo za namba za koili. Nyumbani nipo kila siku isipokuwa Ijumaa asubuhi. Mkija, njooni na ngazi yenu, ile ya jirani ilivunjika na mkaguzi wa mwanzo.

Wenu,

Mwalimu mstaafu, Ununio